Kulabu Chini ya Kiti

Ndia Kuu, Mombasa
14 Mei 1949

Kwa Mzee Fondo wa Katana, Kaloleni.

Salamu za heshima zikufikie wewe na watu wa nyumbani kwako. Najua utashangaa kupata barua yangu baada ya miaka minane. Mimi ni Nuruddin, mwana wa Ghulam wa duka la kamba na misumari, yule uliyemfundisha kuendesha gari kule Mbaraki mpaka akaparamia magunia ya kopra ya watu. Natumai hujanisahau.

Nakuandikia kwa amri ya Baba. Mwaka huu, Mungu akipenda, anakwenda Hija, na meli inatoka Kilindini mwanzoni mwa Septemba. Desturi yetu unaijua: anayekwenda Hija huwapitia jamaa na majirani akiwaomba radhi, asije akasimama mbele ya Mola na kinyongo cha mtu mgongoni. Baba ameandika orodha ya majina, na mimi ndiye karani wake. Upande mmoja wa karatasi ni watu anaowaomba radhi. Upande wa pili ni watu anaowasamehe yeye. Jina lako liko upande huo wa pili. Amesema nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Mwambie Fondo, lile la mama yenu nimemsamehe. Sitaki kushitakiana naye mbele ya Mungu."

Nina haja yangu pia. Tangu siku ile alipofariki Mama, gari halijatembea. Lilisukumwa mpaka ghalani Mbaraki, limekaa humo chini ya turubai. Sasa Baba anataka alipande kwenda makaburini kumuaga Mama, kisha limpeleke bandarini. Nimenunua betri mpya na mipira, nimebadilisha mafuta. Lakini nikibonyeza kitufe cha stata gari linasema "ta!" mara moja, halafu kimya. Mafundi wawili wamekuja. Wote wanasema kasoro iko kwenye rilei, kile kikopo cha sumaku kinachopokea umeme wa betri na kuupeleka kwenye stata. Na wote wamefungua boneti wakakuta matundu mawili matupu ya skrubu pale kilipotakiwa kukaa. Mmoja ameapa kwamba kimeibwa.

Gari lile hakuna mkono uliolijua kama wako. Nifanyie hisani, niambie rilei iko wapi.

Dada yangu Maleka anakusalimu sana.

Wako,
Nuruddin Ghulam


Kaloleni
29 Mei 1949

Bwana Nuruddin,

Barua imefika, na salamu zote nimezipokea. Anayeandika ni binti yangu Sidi, aliyesoma misheni. Mimi nasema, yeye anaandika, na nikikosea hunikosoa kama mama yake.

Mwambie Bwana Ghulam nimepata msamaha wake. Sijui msamaha hutumiwaje na mtu asiyekosa, lakini mgeni hafukuzwi mlangoni. Nimeuweka.

Tuje kwenye gari. Rilei haikuibwa. Niliihamisha mimi mwaka ule wa vita, maafisa walipokuwa wakizunguka mjini kuchukua magari ya watu. Bwana Ghulam aliniambia, "Fondo, fanya ujuavyo, wakija wakute gari limekufa." Nikaitoa mbele, nikaitia ndani, nyuma ya ubao ulio chini ya kiti cha dereva.

Ng'oa kiti. Usitafute kwa taa, macho yatakudanganya humo ndani. Yafumbe, upeleke mkono wa kulia nyuma ya ubao mpaka kiwiko kizame. Vidole vitakuta kwanza chuma cha baridi cha chasisi, kisha kitambaa kilicholoa grisi. Kikopo kimo ndani ya kitambaa. Kipapase. Kina nati mbili nene na moja nyembamba. Nati nene ya kwanza imeshika waya wa betri, ya pili imeshika waya unaokwenda kwenye stata. Hiyo nyembamba ni ya kitufe.

Kabla hujafungua kitu, washa taa kubwa za mbele kisha ubonyeze kitufe. Taa zikififia sana, betri yako mpya ni mbovu, au vichwa vyake vimelegea. Zikibaki vilevile, midomo ya shaba ndani ya rilei imeota kutu: sumaku inavuta, ndiyo hiyo "ta!", lakini umeme haupiti. Ili uhakikishe, toa gia, chukua spana uliyoifunga mpira mpini, uguse nati mbili nene kwa pamoja. Itatoa cheche. Usiruke ukagonga kichwa kama zamani. Stata ikizunguka, ugonjwa umeujua. Hapo chomoa waya wa betri, fungua kikopo, sugua midomo kwa msasa laini. Na ukikirudisha, kikopo kishike chuma cha bodi, kisikae juu ya grisi, la sivyo hakitavuta tena.

Sasa kuna jambo limenikaa kooni tangu Sidi aliponisomea.

Unasema gari linasema "ta". Bwana Nuruddin, gari lile siku niliyoliacha halikuwa na sauti yoyote. Waya wa kitufe niliukata nikautia kulabu ya shaba chini ya ukingo wa kiti, na waya wa moto wa injini nikaupitisha hapohapo, ili hata wakilisukuma au wakizungusha hendeli lisiwake. Kulabu ikiachana, hakuna "ta", hakuna lolote. Ikiwa leo linasema "ta", yuko mtu aliyeiunganisha. Na kulabu ile, ukimtoa Mungu, waliijua watu wawili: mimi, na kijana niliyemwonyesha asubuhi ya Ijumaa kabla sijaenda kwenye matanga ya mama yangu.

Miaka yote hii nilidhani umesahau.

Fondo wa Katana


Ndia Kuu, Mombasa
9 Juni 1949

Mzee Fondo,

Rilei nimeipata, palepale uliposema. Nilifumba macho kama ulivyoniagiza. Taa hazikufifia, spana ilitoa cheche, nami niliruka. Nimesugua midomo ya shaba mpaka ikang'aa, na gari limewaka. Mafundi wamebaki midomo wazi. Wanasema wewe ni bingwa, unaweza kulitibu gari ukiwa maili thelathini mbali.

Nakutumia kwa mkono wa Abdulghafur, mchukuzi wetu, mfuko wa sukari, kanga doti mbili na shati.

Kuhusu kulabu, njia ya mwongo ni fupi, nami yangu imekomea hapa. Sikusahau. Nilikumbuka siku ile ile na kila siku baada ya hapo. Mzee Fondo, nilikuwa na miaka kumi na saba. Uliniambia, "Usitoke nyumbani mpaka nirudi, na lolote likitokea, ingiza kulabu." Nami nikasema ndiyo. Jumamosi alasiri wenzangu wakaja wakasema kuna mechi ya kriketi. Nikaona, saa mbili tu, kuna nini? Niliporudi nikakuta mlango wazi na kiatu kimoja cha Mama barazani. Moyo wake ulikuwa umemshika. Baba alibonyeza kitufe mpaka kidole kikatoka damu, akapiga kelele, "Yuwapi Fondo?", kisha wakamlaza Mama kwenye mkokoteni wa hamali mmoja, na Baba akikimbia pembeni akimshika mkono. Hawakufika hospitali naye akiwa hai.

Ningesema nini? Baba alikuwa amekaa chini ukumbini akirudia neno moja, kwamba Fondo amemuua mke wake. Nami gari sikuweza kuligusa tena. Lingewaka mkononi mwangu, wangeniuliza nilijuaje. Ndiyo maana limeozea ghalani miaka minane kwa kipande cha shaba kisichozidi urefu wa kidole.

Nitamwambia. Lakini Ramadhani imekaribia, na sitaki kumvunja Baba moyo katika mwezi wa toba. Nipe mpaka Idi ipite.

Nuruddin


Kaloleni
23 Juni 1949

Bwana Nuruddin,

Sukari tumeila. Kanga zimemkaa Sidi vizuri. Usitume tena.

Umesema kweli, na kwa hilo nakushukuru, ingawa umeniambia mimi ambaye nilikuwa naijua nusu yake. Asiyeijua ni mwingine, naye analala chumba cha pili kutoka chako.

Sidi ameniuliza kwa nini sikujitetea siku ile. Nitakujibu wewe pia. Nilirudi kutoka matangani siku ya tatu, nywele nimenyoa kwa msiba wangu, nikaukuta wenu. Kabla sijavua viatu Bwana Ghulam akanishika shingo mbele ya watu. Nami nikatazama nyuma ya bega lake, nikakuona umekaa kwenye ngazi, huli, hulii. Nikasema moyoni, huyu mzee amepoteza mke. Nikifungua kinywa atapoteza na mwana, na mwana naye atapoteza baba baada ya mama. Mimi nilikuwa nimetoka kumzika wangu, nilijua uzito wake. Nikanyamaza. Nilidhani machozi yakikukauka utasema mwenyewe. Mwezi, nikadhani. Au miwili.

Baba yako alinirudishia cheti changu cha kazi, amekiandika: "Dereva asiyeaminika. Asipewe gari." Unajua cheti kilivyo. Nimepeleka kile cheti kwa Wazungu, kwa Wahindi, kwa Waarabu. Kila mtu alikisoma, akanitazama, akanirudishia. Mwaka wa nne nikakoma kukipeleka. Nimefanya kazi ya tanuu la chokaa kule Jomvu, kuchoma na kuchekecha, mpaka mwaka jana nilipoacha.

Sitaki kitu kwako ila kimoja. Kabla baba yako hajapanda meli, ajue. Aniandikie cheti kingine. Mistari miwili inatosha: kwamba Fondo aliendesha gari lake miaka kumi na moja, na kwamba hakumtupa. Msamaha wake nautunza, lakini nataka kumrudishia kabla hajafika nao Makka, maana si wangu.

Fondo wa Katana


Ndia Kuu, Mombasa
2 Agosti 1949

Mzee Fondo,

Idi njema kwenu, ingawa imekwisha pita.

Sijamwambia. Wallahi nilijaribu siku ya pili ya Idi. Nilimwendesha mpaka makaburini, akashuka, akamsomea Mama. Aliporudi akanipiga bega mbele ya wajomba akasema, "Nuruddin amelifufua gari la mamake." Watu wakanipongeza. Nikatabasamu, Mzee Fondo. Mpaka sasa naliona tabasamu lile kila nikinyoa ndevu.

Baba ni mzee sasa, kifua chake si kizuri. Nafikiri pengine ingekuwa hekima aende Hija na moyo mweupe, kisha akirudi nimweleze kwa utulivu. Cheti nitakiandika mimi, kwa karatasi ya duka, na muhuri juu yake. Nani atajua si mkono wa Baba?

Niambie kama utakubali.

Nuruddin


Ndia Kuu, Mombasa
11 Agosti 1949

Mzee Fondo,

Sijapata jibu lako. Barua yangu ilifika?

Nuruddin


Ndia Kuu, Mombasa
18 Agosti 1949

Mzee Fondo,

Kimya chako nimekielewa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami ni siku ya kumi na sita nausikia. Kesho nampeleka Baba makaburini tena. Itakuwa huko.

N.


Ndia Kuu, Mombasa
24 Agosti 1949

Kwa Fondo wa Katana.

Naandika kwa mkono wangu. Hati yangu mbaya, na atakayekusomea anisamehe.

Ijumaa nilikuwa nimekaa garini nje ya makaburi nikimngoja mwanangu ashuke. Hakushuka. Akanishika mkono, akauinamisha mpaka chini ya ukingo wa kiti chake, akanigusisha kitu. Nikasema, "Nini hiki?" Akasema, "Hiki ndicho Mama alichokufa kwa kukikosa, nami nilikijua." Kisha akanieleza yote. Nilimtaka ashuke, akashuka. Nilikaa peke yangu humo garini mpaka miguu ikafa ganzi.

Usidhani nakuandikia kwa sababu ya kosa lake tu. Yeye alikuwa mtoto aliyekwenda kwenye kriketi. Mimi nilikuwa na miaka hamsini.

Fondo, wewe unakumbuka, nami nilijifanya nimesahau. Ulipomaliza kuitia kulabu ulikuja ukaniambia, "Bwana, njoo nikuonyeshe, siku nisipokuwapo uweze kuwasha." Nikakataa. Nilikuambia, "Usinionyeshe. Maafisa wakiniuliza nini kimeliua gari, nataka kuapa kwa Mungu kwamba sijui, na kiapo changu kiwe cha kweli." Na nikakukataza usimwonyeshe mtu yeyote wa nyumba yangu. Nilijiona mcha Mungu! Walikuja, nikaapa, wakaondoka. Nikajisifu kwamba sikusema uongo.

Wiki tatu baadaye mke wangu Sugrabai alikuwa akihema ukumbini, nami kidole changu kiko juu ya kitufe, na lililo chini ya kiti nilikuwa nimekataa kulijua. Umbali wa shubiri mbili, Fondo. Ningeinamisha mkono tu.

Wewe ulivunja amri yangu ukamwonyesha mwanangu, kwa kuwa uliipenda nyumba yangu kuliko mimi nilivyokipenda kiapo changu. Nami nikakufukuza kama mbwa mbele ya watu waliokuja kunipa pole. Ilinibidi awepo mtu wa kumlaumu, maana bila wewe ningebaki mimi.

Ule msamaha niliokutumia, utupe. Naona haya kuukumbuka. Jina lako nimelihamishia upande wa ninaowaomba radhi, nimeliweka la kwanza kabla ya ndugu zangu.

Cheti ndicho hiki ndani ya bahasha. Nimekiandika mara tatu mpaka kikanipendeza: kwamba Fondo wa Katana aliniendesha miaka kumi na moja bila kosa, kwamba yaliyoandikwa kabla ya haya ni uongo wangu, na kwamba yeyote atakayempa gari amempa mtu mwaminifu.

Meli inaondoka tarehe saba Septemba. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, radhi. La pili, njoo. Rudi kwenye kazi yako. Nataka wewe ndiye unipeleke bandarini, na kiti kile ukikalie wewe mpaka utakapochoka mwenyewe.

Ghulam


Kaloleni
31 Agosti 1949

Bwana Ghulam,

Barua yako imekuja jana. Sidi amenisomea mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia achukue kidole changu akiweke juu ya karatasi, pale ulipoandika jina langu kwenye cheti. Amekiweka. Nimekaa nacho hapo kwa muda.

Radhi nakupa, hapa mbele ya mwanangu na mbele ya Mungu, dunia na akhera, sina kinyongo. Nenda Hija yako. Huko ukimwombea Bibi Sugrabai, mtaje na mama yangu Mejumaa, maana walizikwa wiki moja na kila mmoja alimharibia mwenzake matanga.

Bwana Nuruddin naye nina radhi naye. Nilimpa siku ile ile aliyokaa kwenye ngazi, ndiyo maana nilinyamaza. Lakini nakiri kosa langu pia. Nilidhani kimya ni zawadi. Kumbe nilimpa kijana mzigo akaubeba peke yake miaka minane, na kila mwaka ukawa mzito zaidi. Ningesema siku ile, mngegombana, mngelia, mngepatana. Nisameheni hilo.

Kuhusu kazi, sitaweza kuja. Macho yangu yameniacha. Yalianza ukungu mwaka wa arubaini na sita, na tangu masika ya mwaka jana sioni hata jua, nalijua kwa joto lake tu. Ndiyo maana nilimwambia Bwana Nuruddin afumbe macho akitafuta rilei. Sikuwa na njia nyingine ya kumweleza. Nililifungua gari lote upya kichwani mwangu, nati kwa nati, na vidole havikusahau hata moja. Siku ile nilifurahi sana.

Ukirudi salama, mwambie Bwana Nuruddin alilete gari huku siku moja. Sitaliendesha. Atanikalisha kwenye kiti, nami nitabonyeza kitufe mwenyewe, nisikie.

Na kifua chako, kule melini Mungu akuponye.

Fondo wa Katana


Haya ya chini ni yangu mimi Sidi. Baba hajui kama nayaandika, anadhani nakunja karatasi.

Amenikataza kusema kilichomla macho. Amesema mtu anayekwenda Hija asifungiwe mzigo mpya mlangoni. Nimejaribu kumtii nimeshindwa. Ni chokaa. Vumbi la tanuu lilimwingia kila siku kwa miaka minne, na mganga wa misheni alimwambia aache kazi ile, naye akajibu kwamba hana cheti cha kufanya nyingine.

Hicho cheti mlichokileta nimekitundika ukutani kando ya kitanda chake, kwa kimo cha mkono, kama alivyotaka. Kila asubuhi hukigusa kwanza, kisha huuliza kama kimekaa sawa.

Sidi Fondo